Kuongoza diskasheni chuoni ni kazi, na malipo yake hukaa miaka

Kila vyuo vikuu vinapofunguliwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nyumba nyingi za Mji wa Kale hupitia jambo moja. Kijana amepata nafasi, jamaa wamechangishana karo, mkopo wa HELB umeombwa, na mlangoni mama anatoa wasia wake: "Nenda ukasome. Usijitie katika mambo ya watu." Ni wasia wa mapenzi, wala siupingi wote. Lakini ndani ya hayo "mambo ya watu" tumetia kila kitu: siasa za chuo, marafiki wabaya, starehe, na pia yule kijana anayeketi na wenzake sita chini ya mwembe akiwaeleza hesabu zilizowashinda darasani. Huyu wa mwisho tumemtia fungu lisilo lake.

Hoja yangu leo ni fupi. Mwanafunzi anayeongoza kikundi cha masomo, kile ambacho wanafunzi wenyewe hukiita diskasheni, hapotezi wakati. Anajifunza kazi. Na kazi hiyo ndiyo ambayo waajiri wa mji huu, bandarini, bengi na maofisini, huitafuta na kuikosa kwa vijana wengi wenye vyeti vizuri.

Nasema haya kwa kuwa nimekaa pande zote mbili za meza. Nilisoma uhasibu pale Tudor wakati chuo kilikuwa kikiitwa Mombasa Polytechnic University College, na kwa miaka miwili niliongoza diskasheni ya darasa letu. Hii leo nafanya kazi ya hesabu katika ofisi ya wakala wa forodha hapa kisiwani, na kila ofisi inapotaka kuajiri huwa miongoni mwa wanaouliza maswali.

Diskasheni ni nini hasa

Tuanze kwa kutenganisha mambo. Diskasheni si tyusheni, maana hakuna anayelipwa kufundisha. Si uwakilishi wa darasa wala chama cha wanafunzi, maana hakuna kura wala cheo. Ni watu watano, sita au saba wanaosoma somo moja, wanaokubaliana kukutana siku fulani saa fulani, kila mmoja akija na alipokwama. Miongoni mwao yuko mmoja anayeishikilia isivunjike. Yeye ndiye anayekumbusha, anayetafuta mahali, anayepanga leo ni mada gani, na anayeuliza swali pale watu wanaponyamaza. Huyo ndiye kiongozi, hata kama hakuna aliyemwita jina hilo.

Vyuo vya nje vimelifanya jambo hili kuwa mpango rasmi. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri-Kansas City huko Marekani, Deanna Martin alianzisha utaratibu ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi, Afrika Kusini ikiwamo. Hakuanza kwa kuwatafuta wanafunzi dhaifu, maana ukimwita mtu kwa udhaifu wake haji. Alianza na masomo magumu, yale ambayo wengi huanguka, akayafungulia vikao kwa kila aliyetaka. Kiongozi wa kikao ni mwanafunzi aliyekwisha kulipita somo lile vizuri. Hurudi kukaa darasani pamoja na wanaolisoma sasa, kisha huongoza vikao vya kila wiki. Sharti moja ni kwamba harudii kuhutubia kama mhadhiri. Kazi yake ni kuuliza, kuwafanya wenzake walinganishe madaftari yao, na kuwaacha wafike wenyewe kwenye jibu.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, mwanahisabati Uri Treisman alikuwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, akitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi wengi walikuwa wakianguka hisabati ilhali walitoka shule za sekondari wakiwa hodari. Aliwalinganisha na wanafunzi wenye asili ya Kichina. Hakuona tofauti ya akili wala ya bidii. Alichoona ni kwamba Wachina walisoma peke yao kwanza, kisha wakakusanyika, wakasahihishana na kuulizana maswali, hata chakula wakala pamoja. Wanafunzi Weusi walisoma kwa bidii ile ile, lakini kila mmoja chumbani kwake, na alipokwama hakuwa na wa kumwambia kwamba na wengine pia wamekwama pale pale. Treisman akaanzisha vikundi vya kufanya hesabu ngumu pamoja, na matokeo ya wanafunzi hao yakapanda.

Nimelitaja hilo kwa sababu linatuhusu. Kijana wetu anayetoka Kibokoni au Kuze akaenda chuo cha mbali, Nairobi au Eldoret, mara nyingi ndiye yule wa chumbani peke yake. Amefunzwa adabu, amefunzwa asijitie katika mambo ya watu, na huko aliko hana jamaa. Anakwama kimyakimya.

Si jambo geni kwetu

Hapa pwani mtu akisikia "chuo" bila ya neno jingine, wazee wetu walifahamu chuo cha Kurani. Na chuoni, mwalimu mmoja mwenye watoto arubaini hakuweza kumsikiliza kila mtoto. Aliyefika mbele alimsikiliza aliye nyuma. Mtoto wa miaka kumi na miwili alimshika wa miaka sita akamrudishia herufi mpaka zikakaa. Nani alifaidika zaidi? Muulize yeyote aliyepitia hapo. Atakwambia kwamba sura alizowasikiliza wadogo zake ndizo alizozishika mpaka leo, kuliko zile alizozisoma mwenyewe tu.

Darsa za misikitini nazo zina mtindo huo huo. Sheikh akishamaliza, watu hubaki wawili watatu, mmoja akimfafanulia mwenzake alichokosa kukisikia. Kwa hivyo tunapoona diskasheni tusidhani ni kitu cha wazungu kilicholetwa na vyuo vikuu. Ni desturi yetu iliyovaa nguo nyingine.

Hata historia ya chuo cha Tudor inatukumbusha jambo. Kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni, ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. Mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili, Technical University of Mombasa. Miongoni mwa waliofanya kazi MIOME ni kijana mmoja wa mji huu, aliyezaliwa 1933, ambaye matokeo yake ya sekondari hayakutosha kumwingiza Makerere. Alikuwa karani. Jina lake Ali Mazrui. Aliyemfungulia njia hakuwa cheti, bali hotuba aliyoitoa kwenye Maulidi mbele ya gavana Philip Mitchell. Alipata ufadhili, akaenda Manchester, kisha Columbia na Oxford, na Makerere ile ile iliyomkataa ikampa uprofesa. Sisemi kwamba kila anayeongoza diskasheni atakuwa Mazrui. Nasema kwamba kuweza kusimama mbele ya watu na kulieleza jambo likaeleweka kumewahi kumtoa mtoto wa mji huu kwenye meza ya ukarani, wakati karatasi zake zilikuwa zimemfungia.

Anachobaki nacho kiongozi

Mitihani ikishapita na alama zikishasahaulika, kiongozi wa diskasheni hubaki na mambo manne.

La kwanza ni elimu iliyokaa. Nitatoa mfano wa somo langu. Kila mwanafunzi wa uhasibu hufundishwa kulinganisha daftari la fedha la kampuni na taarifa ya benki. Mwanafunzi wa kawaida hukariri hatua: ongeza hiki, toa kile, mwisho pande mbili zilingane. Lakini anayewaongoza wenzake ataulizwa, "Kwani kwa nini hazilingani tangu mwanzo?" Hapo kukariri hakumsaidii. Inambidi afahamu kwamba hundi iliyoandikwa leo huenda mwenyewe akaipeleka benki wiki ijayo, kwamba benki hukata ada zake bila kukujulisha siku ile ile, kwamba kuna mteja aliyeweka pesa moja kwa moja na ofisini hakuna habari. Akishalieleza hilo mara tatu kwa watu watatu tofauti, halimtoki tena. Miaka kumi baadaye mkurugenzi anapomuuliza kwa nini kitabu kinasema kuna pesa na benki inasema hakuna, anajibu bila kutetemeka.

La pili ni sikio. Mtu anaposema "sielewi" hajakwambia kitu bado. Kiongozi mzuri hujifunza kutafuta ni wapi hasa pamekatika. Je, ni neno asilolijua? Ni hatua aliyoiruka? Au alielewa vibaya kitu cha wiki tatu nyuma, na leo ndiyo kinamrudia? Huu ni ujuzi wa kazi kamili. Ofisini kwetu huja mteja amefura kwa hasira, kontena lake limekaa bandarini na gharama za kuliweka zinapanda kila siku. Mfanyakazi mmoja humsomea kanuni, na mteja huzidi kupandwa na mori. Mwingine humuuliza maswali mawili, akagundua kwamba bwana yule hajui siku za bure zinahesabiwa tangu lini. Akimweleza hilo peke yake, mambo hutulia. Huyu wa pili sikumfundisha mimi. Alikuja nao ujuzi huo.

La tatu ni uongozi usio na cheo. Kwenye diskasheni huna mamlaka ya kumfukuza mtu wala kumkata mshahara. Yuko asiyekuja tayari, yuko anayesema peke yake saa nzima, yuko anayekuja kunakili majibu, na yuko mwenye haya ambaye hajafungua kinywa tangu muhula uanze. Wote hao unawaendesha kwa maneno, kwa subira na kwa mfano wako mwenyewe. Mtu aliyeweza hayo akiwa na miaka ishirini, siku akipewa wafanyakazi wanne wa kuwasimamia hataanza kwa kupiga kelele.

La nne ni mashahidi. Hapa nataka tuzungumze wazi, maana ndipo penye uchungu wetu. Malalamiko ya pwani juu ya ajira ni ya miaka mingi: kwamba kazi ni za kujuana, kwamba nafasi za bandarini huwapita watoto wa hapa. Malalamiko hayo yana haki yake, na dhuluma ya kununua nafasi au kuitoa kwa kabila haiondoki kwa diskasheni. Lakini kuna kujuana kwa aina mbili. Kuna kule kwa mjomba mwenye cheo. Na kuna kule kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi. Nafasi nyingi ndogondogo za mwanzo, za mkataba wa miezi mitatu au za kushikilia likizo ya mtu, hazifiki gazetini. Mkuu wa kitengo huuliza, "Nani anamjua mtu anayeweza hesabu na mwenye adabu?" Wale sita uliokaa nao Tudor, mmoja leo yuko benki, mwingine serikali ya kaunti, mwingine kampuni ya meli. Wao walikuona kila Jumanne kwa miaka miwili. Wanajua ulikuwa ukifika kwa wakati. Wakilitaja jina lako hawakupendelei. Wanatoa ushahidi.

Kijana wetu asiye na mjomba mwenye cheo anawahitaji mashahidi hawa kuliko mtu yeyote.

Mfano wa Dar es Salaam

Afrika Mashariki ina kisa maarufu cha wanafunzi kufundishana, nacho si mbali na sisi. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati ule, wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda kikundi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF. Mwenyekiti wake alikuwa mwanafunzi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Kila Jumapili walikuwa na darasa lao wenyewe, nje ya ratiba ya chuo, wakisoma na kujadiliana juu ya uchumi, ukoloni na ukombozi. Mhadhiri Walter Rodney alikuwa karibu nao. Mwaka 1969 wakatoa jarida lao, Cheche, likihaririwa na wanafunzi Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Novemba 1970 serikali ikakipiga marufuku kikundi pamoja na jarida.

Tazama walikofika. Issa Shivji, aliyeandika makala yake mashuhuri ya mwanzo katika Cheche, alifundisha sheria pale chuoni kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwaka 2008 akawa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Karim Hirji akawa profesa wa takwimu za tiba, na mwaka 2010 akahariri kitabu cha kumbukumbu za jarida lile. Zakia Meghji akawa waziri, hata Waziri wa Fedha wa Tanzania. Museveni, umsifu au umlaumu, ni rais wa Uganda tangu 1986.

Wao hawakukusanyika ili wapate kazi nzuri, tusiwasingizie. Walikuwa na siasa yao, na ilikuwa na gharama. Lakini angalia walichokuwa wakikifanya kila wiki: kusoma kitu kigumu, kukieleza kwa lugha ya kueleweka, kukitetea mbele ya wenzao wasiokubali upesi, kisha kukiandika kikachapishwa. Kazi ya mwalimu wa sheria ni hiyo. Ya mtafiti ni hiyo. Ya waziri bungeni ni hiyo. Jarida lilifungwa, lakini mazoezi hayakuwezekana kufungwa.

Tusizidishe chumvi

Msomaji makini ataniuliza: je, si kwamba wanaoongoza vikundi ni wale waliokuwa hodari tangu hapo? Wangefaulu hata wangekaa kimya. Ni swali la haki. Watafiti wa elimu wenyewe husumbuka nalo, maana viongozi wa vikundi hujitokeza au huchaguliwa, na tafiti nyingi huwauliza wao wenyewe wamefaidika nini. Kwa hivyo siwezi kukwambia kwamba mwanao akiongoza diskasheni mshahara wake utapanda kwa kiasi fulani. Anayekupa hesabu kama hiyo, muulize ameipata wapi.

Ninachoweza kukwambia ni kile kinachoonekana kwa macho. Ujuzi wa kueleza, kusikiliza na kuendesha watu hauji kwa kukaa kitako. Huja kwa mazoezi, kama kuogelea. Darasa la watu mia mbili halimpi mwanafunzi nafasi ya kufanya mazoezi hayo. Diskasheni humpa kila wiki, bila malipo.

Lipo pia la kujihadhari nalo. Kiongozi anaweza kugeuzwa punda wa kubebeshwa mizigo ya wote, akawafanyia wengine kazi zao mpaka yake ikalala. Ukiona unaandika majibu na wenzako wanayapiga picha kwa simu, hiyo si diskasheni tena, na hata wewe hujifunzi kitu. Alama zako zikianza kushuka, punguza vikao.

Mabinti zetu

Jambo hili lina upande ambao ni mzito zaidi kwa wasichana. Diskasheni nyingi hufanyika jioni, masomo yakishakwisha. Na saa hizo ndizo ambazo binti wa Mji wa Kale anatakiwa awe amekwisha kufika nyumbani, kabla ya Magharibi. Kaka yake anabaki Tudor mpaka saa mbili usiku, na hakuna anayemuuliza. Miaka minne ikipita, wote wawili wana digrii, lakini mmoja ana mashahidi na mwingine hana. Kisha tunashangaa kwa nini mabinti zetu wenye alama bora wanakaa nyumbani na vyeti vyao kwenye faili.

Siwaambii wazazi waache kuwalinda watoto wao. Nawaambia kwamba ipo njia ya katikati, maana mzee wangu mwenyewe aliipata. Alitoa sharti moja: diskasheni ikipita saa kumi na moja jioni, ifanyike kwetu. Basi tulikaa pale dakani, mlango wa nje wazi, wasichana upande huu na wavulana upande ule, na mamangu akituletea chai na mahamri. Mzee alipita mara mbili tatu akijifanya anatafuta miwani. Hakuna heshima iliyovunjika. Nyumba zetu zilijengwa na daka na baraza kwa ajili hiyo hasa, ili wageni wapokewe bila ya kuingia ndani ya nyumba.

Njia nyingine zipo. Kikao kinaweza kuwekwa adhuhuri kati ya vipindi, au Jumamosi asubuhi. Katika Ramadhani, wanaokaa mtaa mmoja wanaweza kukutana baada ya tarawehe. Anayeshindwa kuja anaweza kuongoza sehemu yake kwa WhatsApp, akirekodi maelezo kwa sauti yake dakika tano, wenzake wakiuliza na yeye akijibu. Kwa wale wanaojifunza mambo ya kompyuta na sanaa, Swahilipot Hub iliyoko karibu na Fort Jesus tangu 2016 ni mahali ambapo vijana hufundishana mchana kweupe. Pahali pakiwa pa wazi na pa heshima, mzazi hana sababu ya kukataa.

Namna ya kuanza

Kwa kijana anayeingia chuo mwaka huu, haya ndiyo niliyoyaona yakifaa.

Chagua somo moja, lile linalowaangusha wengi. Ukianza na masomo yote, wiki ya tatu kikundi kimekufa. Watu wasizidi saba, maana wakiwa kumi na tano wawili watasema na wengine watatazama simu. Wekeni siku na saa isiyobadilika, hata kama ni saa moja tu kwa wiki.

Kila mtu aje na swali moja aliloliandika. Asiye na swali hakusoma. Swali likitolewa, kiongozi asiwe wa kwanza kujibu. Amuulize mwingine, asubiri, asiogope kimya. Kimya ndiko watu wanakofikiri. Mwenye haya apewe kazi ndogo kwanza, kama kusoma swali kwa sauti au kuandika ubaoni. Nimemwona mtu aliyeanza hivyo, na mwaka wa nne ndiye aliyekuwa akituongoza katika mitihani ya CPA ya KASNEB.

Zungusheni uongozi kwa mada. Anayejua kodi aongoze kodi, anayejua ukaguzi aongoze ukaguzi. Hivyo kila mmoja anapata mazoezi, na hakuna anayechoka. Wekeni daftari la kikundi: tarehe, mada, waliokuja, kilichoeleweka na kilichobaki. Mhadhiri mmoja ajulishwe kwamba kikundi kipo. Mkikwama nyote mtamwendea yeye, na siku ya kuomba barua ya sifa atakuwa na la kuandika.

Namna ya kulisema mbele ya mwajiri

Wengi waliofanya kazi hii hawaitaji wanapoomba kazi. Huona haya, au hudhani si kitu kwa kuwa hakikuwa na cheti. Kwenye wasifu wao huandika "nina ujuzi wa uongozi na mawasiliano", maneno ambayo kila mwombaji huyaandika na hakuna anayeyasoma tena.

Andika kitu kinachoonekana. Mfano: "Niliongoza kikundi cha wanafunzi saba katika somo la uhasibu wa gharama kwa mihula miwili, vikao vya kila wiki, tukiweka kumbukumbu za kila kikao." Hilo ni jambo moja, lina idadi, lina muda, na linaweza kuthibitishwa. Kisha kwenye mahojiano ukiulizwa kuhusu kufanya kazi na watu wagumu, huna haja ya kubuni. Mwambie kuhusu yule aliyekuwa haji tayari, ulimfanyaje, na mwisho wake ulikuwa nini. Ikiwa hakubadilika, sema hakubadilika na ulivyoendelea bila ya kumdhalilisha. Sisi tunaokaa upande ule wa meza husikia tofauti ya kisa cha kweli na cha kutungwa katika sentensi mbili za mwanzo.

Usitie chumvi lakini. Ukisema wote saba walipata alama za juu, nitakuuliza majina.

Wazazi na vyuo

Vyuo vyetu vingeweza kufanya zaidi kwa gharama ndogo. Kufungua madarasa matupu Jumamosi. Kuwa na daftari la vikundi vya masomo katika kila idara, na mwisho wa mwaka kumpa kiongozi barua yenye sahihi na muhuri. Kumpa hata posho ndogo yule anayeongoza somo linaloangusha nusu ya darasa, kama wanavyofanya wenzetu. Kaunti inayotoa basari ingeweza kuwaomba wanaofaidika wa mwaka wa tatu na wa nne wawaongoze walio nyuma yao. Pesa ile ile ingesomesha mara mbili.

Na wazazi, wasia ule wa mlangoni nauomba ubadilishwe kidogo tu. Mwambieni mtoto ajiepushe na mabaya, asali sala zake, akumbuke kwao. Kisha mwambieni atafute watu sita wa kusoma nao, na asingoje mwingine aanze. Akipiga simu kusema atachelewa kwa sababu ana diskasheni, msimuulize kwanza amekaa na nani. Muulizeni leo amewaeleza nini. Akiweza kuwaeleza nanyi hapo hapo kwenye simu mkaelewa, basi jueni karo yenu inafanya kazi.